Mkokoteni Ulioimba Ijumaa Kuu

Kule San Lázaro hukuwa na haja ya kuchungulia dirishani ili ujue nani anapita. Kila mkokoteni ulikuwa na wimbo wake. Fundi alipounda gurudumu aliacha upenyo mdogo kati ya kitovu na mhimili, chuma kikawa kinagonga chuma kila gurudumu lilipozunguka, na mlio wa huyu haukufanana na wa yule. Mkokoteni wa kina Quesada ulilia kama mke anayeosha sufuria huku amenuna. Wa mwenye duka la dawa ulikuwa na sauti nyembamba ya kulalamika, kama mwenyewe. Wa Bi Eduviges Solís, ambaye mji mzima ulimwita Bi Viges, ulisikika tangu ng'ambo ya mto, tang, tang, tang-ta, na wanawake walisema ni mtamu kuliko kinanda cha kanisani. Kinanda cha kanisani kilikuwa na panya ndani, lakini sifa ni sifa.

Bi Viges aliupata ule mkokoteni kwa sababu baba yake alichelewa kupata mtoto wa kiume. Mzee Fermín alisubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, akaona hapana, akamkabidhi binti yake mchokoo, ile fimbo ya kuswagia, na kumfundisha kusema na maksai. Mvulana alipofika hatimaye, alifika vibaya. Mama alifariki siku ileile ya kujifungua, na Viges, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita, akamlaza yule kichanga juu ya magunia ya kahawa na kuendelea na safari. Ndivyo Belarmino alivyolelewa. Alijifunza kutembea akiwa ameshika mkia wa maksai, na neno lake la kwanza halikuwa "mama" wala "dada", lilikuwa lile neno la kuwasimamisha ng'ombe.

Baadaye Viges aliolewa na bwana mmoja mpole kutoka Puriscal, aliyedhani kwamba mwanamke akishaolewa atauza mkokoteni na kukaa jikoni. Ndoa ilidumu na mkokoteni ulidumu. Aliyebadilika ni bwana, akawa mpishi mzuri sana, na nyoka alipomuuma kondeni miaka kadhaa baadaye, mkewe alimlilia kweli kweli, na tumbo lake likamlilia pia.

Kitu kimoja tu Bi Viges hakufanya maishani, nacho ni kufunga nira Ijumaa Kuu. Siku hiyo San Lázaro hapakuwa na aliyefagia, aliyepigilia msumari wala aliyeoga mtoni, maana kila mtu alijua kwamba anayeoga mtoni Ijumaa Kuu huota magamba. Wengine walishika hayo kwa mazoea tu. Bi Viges alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, baba yake, akiharakishwa na mnunuzi wa kahawa, alifunga maksai siku hiyo. Kwenye kona ya genge waliteleza, maksai wawili na mkokoteni, hadi chini. Mzee Fermín aliokotwa na nyonga iliyovunjika, na tangu hapo hakusimama tena wima. Viges aliapa mbele ya kitanda chake kwamba akiwa hai, gurudumu lake halitazunguka siku hiyo. Mji wote ulikijua hicho kiapo. Mwaka mmoja mkuu wa wilaya alimwomba amsafirishie piano Ijumaa Kuu, naye akamjibu aibebe mgongoni, maana Bwana alibeba kizito zaidi na hakuomba ng'ombe.

Halafu vikaja vita. Mwaka wa arobaini na nane uchaguzi ulifutwa huko San José, mji mkuu, watu wakatukanana kwenye magazeti, kisha wakachoka kutukanana wakachukua bunduki. Waasi wakaingia milimani upande wa kusini. Serikali ikaweka walinzi kwenye madaraja. Pale San Lázaro ulinzi wa daraja alipewa Belarmino Solís, aliyekuwa msimamizi wa barabara na mtu mwaminifu kwa yeyote aliyemlipa mshahara. Alipewa watu sita na bunduki zilizokuwa na umri mkubwa kuliko wao. Na siku hiyohiyo vita vilipoanza, Ezequiel Cascante, kijana wa shamba la jirani ambaye Bi Viges alimshika siku ya ubatizo, alichukua gobori la kuwindia akapanda mlimani. Huko wakamwita kapteni. Nyumbani walimwita Chequelo.

Kwa hiyo Bi Viges alikuwa na mtoto kila upande. Walipomuuliza buchani yeye yuko upande gani, alisema yuko upande wa maksai, kwa kuwa hao wanakula nyasi tu.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo aliamka kulipopambazuka, akavaa gauni jeusi, akafunga kitambaa cheusi kichwani, akatoka kuwapa maji maksai wake, Lucero na Clavel. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miwa. Alipogeuka, Chequelo alikuwa amesimama kwenye banda, amekonda, ana ndevu tatu nne za kuanzia maisha, na nyuma yake wanaume wengine tisa wenye matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama," alisema, na akapiga goti kidogo kupokea baraka, bunduki begani.

Bi Viges alimbariki, maana baraka hainyimwi, kisha akamuuliza kama wamekula. Walikuwa wamekula kuku mmoja, wa kuokota, alisema kijana mmoja aitwaye Toribio. Kuku huyo alikuwa ameokotwa ndani ya banda la mtu. Bi Viges akasikia neno "kuku", akatazama mdomo wa Toribio uliokuwa bado unang'aa mafuta, akatazama angani, na hapo ndipo alipoanza kushuku. Hakuna Mkristo wa milima ile, hata mwizi, ambaye angekula kuku asubuhi ya leo, siku isiyoliwa nyama.

Aliwaingiza jikoni akawawekea alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni kile kilichokuwa kwenye kila nyumba ya bonde zima: supu ya samaki mkavu, mbegu za mchikichi, na sinia la sambusa tamu za chiverre, lile boga jeupe la milimani linalopikwa kwa sukari guru mara moja kwa mwaka, Juma Kuu, na halipikwi tena mpaka mwaka mwingine. Walikula kama moto unavyokula nyasi. Wiki mbili walikuwa wamelala mchana na kutembea usiku, wamenyeshewa, wamekimbizwa, wakachanganya leo na jana. Chequelo alikula sambusa nne, akalamba vidole, akasema hajawahi kula kitu kitamu hivi.

"Umewahi," alisema Bi Viges. "Kila mwaka."

"Basi njaa imenisahaulisha." Alijifuta mdomo. "Na wewe mbona umevaa nyeusi, mama? Nani kafa?"

"Mtu tunayemjua wote."

Akasema pole, akaendelea na mambo yake. Hayo ndiyo mambo ya makapteni.

Mambo yake yalikuwa haya. Alitaka daraja, kituo cha simu na zile bunduki za serikali, na hakuwa na risasi za kutosha kuvipigania vyote. Lakini yeye alikuwa mtoto wa San Lázaro. Alijua kwamba wimbo wa Bi Viges ukisikika kwenye mteremko, mzee Custodio pale darajani hubandika birika, walinzi huegemeza bunduki ukutani, na Belarmino mwenyewe hutoka kuinua gogo la kizuizi ili dada yake anywe kahawa kabla ya kuingia mjini. Miaka yote ilikuwa hivyo. Chequelo alikuwa ameinywa kahawa hiyo mara nyingi, akiwa amekaa juu ya miwa. Sasa wenzake wanne wangelala chini ya miwa, yeye angetembea kando kama kibarua, kofia ikiwa imeshushwa, na hao wengine wangefuata nyuma kupitia mibuni.

Belarmino akishainua gogo, basi.

"Basi nini?" aliuliza Bi Viges.

Chequelo alisema hakuna mtu atakayeumia. Alisema kwa kweli kabisa, kwa macho ya mtu aliyepanga kila kitu isipokuwa watu wengine. Bi Viges alimtazama, kisha akamfikiria Belarmino. Alimlea yule. Alijua kwamba ukimwelekezea bunduki kifuani hataiangalia, ataangalia namna ya kukunyang'anya. Angekufa pale juu ya daraja huku anabisha. Au angemuua huyu aliyekuwa anafuta sukari guru kwenye sharubu. Kwa vyovyote yeye angezika mtoto.

Akasema hatoi mkokoteni. Chequelo akasema basi watashuka kupitia kivuko cha mto, kimya kimya, ila huko lazima wapige risasi kwanza, na hapo hawezi kuahidi chochote kuhusu mjomba Belarmino. Hakusema kwa kutisha. Alisema kwa huzuni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bi Viges alikwenda bandani peke yake akasimama kati ya maksai wake wawili. Angeweza kusema neno moja, "Ijumaa Kuu", na mpango ule ungebadilika palepale: wangekwenda kivukoni, na Belarmino asingesikia kitu. Asiposema, gurudumu lake lingezunguka siku aliyoapa halitazunguka. Aliikumbuka nyonga ya baba yake. Akakumbuka na ile kona ya genge, ambayo leo angepita palepale, maana njia ni ileile. Kisha akawaza jambo jingine: tang, tang, tang-ta, ikishuka mteremkoni asubuhi ya leo, mji mzima ukiwa umenyamaza, hata kengele zimefungwa. Nani atakayeusikia wimbo ule na kubandika birika?

Akaomba msamaha mara moja, kwa kifupi, kama mtu mwenye shughuli. Akachukua nira.

"Usipake mafuta kwenye mhimili, mama," alisema Chequelo kutoka mlangoni. "Nataka uimbe."

"Utaimba, mwanangu. Usijali."

Walipakia. Toribio na wenzake watatu wakalala chali ndani ya mkokoteni, miwa ikawekwa juu yao, na Bi Viges akaongeza mzigo mwingine juu ya Toribio, si kwa sababu palihitajika, ila kwa ajili ya yule kuku. Kisha akatangulia mbele ya maksai, mchokoo begani, akasema neno lake, na gurudumu likazunguka.

Lilikuwa jambo la kutisha kusikia. Hakuna mbwa aliyebweka. Hakuna shoka, hakuna mtwangio, hakuna mtu aliyekuwa akimwita mtu kondeni. Bonde zima lilikuwa limefunga mdomo kwa ajili ya maziko ya Bwana, na katikati yake mkokoteni wa Bi Viges ulikuwa ukipiga chuma kama mlevi kanisani. Kwenye nyumba ya kina Quesada alimwona mwanamke akifungua dirisha kwa ufa mdogo, akachungulia, akapiga ishara ya msalaba na kulifunga tena.

"Huyo vipi?" aliuliza Chequelo.

"Ana mafua."

Wakaifikia kona ya genge. Bi Viges alishika pembe ya Lucero kwa mkono wake mwenyewe, akasema na wote wawili kwa sauti ya chini, akawaambia mambo ambayo hajawahi kumwambia padri, na wakapita. Jiwe moja lilidondoka. Lilichukua muda kufika chini.

Baada ya kona, sauti ikatoka ndani ya miwa. Ilikuwa ya Toribio. Alitaka kujua mbona kengele ya alfajiri haijalia, maana anakaribia kufika mjini na hajasikia kitu. Chequelo akamwambia padri Evaristo ni mtu wa serikali, na watu wa serikali wanachelewa kuamka. Kisha akauliza, taratibu, leo ni tarehe ngapi. Akaambiwa afunge domo lake, miwa haisemi.

Huko darajani, kama walivyosimulia wenyewe baadaye mara nyingi, na kila mmoja kwa kujipendelea, aliyeusikia wimbo kwanza alikuwa mzee Custodio. Alikuwa ameinama anachochea moto. Mkono wake ulikwenda kwenye birika wenyewe, kwa mazoea, ukafika nusu, ukaganda. Akasema ni ule mkokoteni wa shetani, unaotembea bila maksai, umekuja kumchukua kwa sababu ya mambo aliyoyafanya ujanani. Akaanza kuyataja. Belarmino alimwambia ayamezee ya ujanani, ule ni mkokoteni wa dada yake.

Halafu naye akasikia alichokisema.

Belarmino hakuwa mwepesi wa kufikiri, ila jambo hili halikuhitaji wepesi. Dada yake angekula lile gurudumu kwa chumvi kabla ya kulizungusha Ijumaa Kuu. Ama mkokoteni umeibwa, ama mtu amesimama nyuma ya dada yake na kitu mkononi. Akamwaga maji kwenye moto. Akamtuma Custodio kanisani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Custodio alikimbia. Wengine akawalaza kwenye mitaro ya pande zote mbili za barabara, akawaambia kwamba atakayempiga Bi Viges au maksai wake atajibu kwake, na kisha kwa Bi Viges, na achague mwenyewe lipi baya zaidi.

Mkokoteni ukatokeza kwenye ukungu. Bi Viges akaona gogo la kizuizi liko chini, hakuna moshi, hakuna mtu. Moyo ukamtulia. Akatembea hatua chache zaidi, akasimamisha maksai kwa lile neno ambalo Belarmino alilisema kabla ya yote, na wimbo ukakatika.

"Mbona hawatoki?" alinong'ona Chequelo.

Hapo sauti ya Belarmino ikatoka mtaroni, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya maharage.

"Dada. Leo siku gani?"

"Ijumaa Kuu, mdogo wangu," alijibu Bi Viges kwa sauti ya kufika hadi mlimani. "Mungu anisamehe."

Chequelo aligeuza kichwa polepole akamtazama. Aliona gauni jeusi. Mtu aliyekuwa karibu angeweza kuona sambusa nne za chiverre zikimpita machoni moja baada ya nyingine.

Lakini ndani ya miwa mambo yalikwenda haraka zaidi. Toribio alisikia siku, akamkumbuka kuku. Akainuka kama aliyeumwa na nge, miwa ikamwagika huku na huku, anajipiga ishara ya msalaba kwa mkono uleule ulioshika bunduki, na bunduki ikalia.

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza San Lázaro: risasi ya kwanza ilipigwa angani na mtu aliyekuwa akitubu. Mtaroni hawakujua kwamba anatubu. Walijibu. Wale wa kwenye mibuni nao wakapiga, kwa kuwa wote walikuwa wanapiga, na kwa muda wa kusema Salamu Maria kama ukiisema kwa pupa palikuwa na moshi, vipande vya majani, na watu wazima wakilala kifudifudi barabarani. Risasi moja iliingia kwenye gurudumu la kushoto, ikang'oa kipande chenye ua lililochorwa kwa rangi ya chungwa. Nyingine ilimpata Chequelo kwenye shavu la mguu, akakaa chini ghafla, uso umejaa mshangao.

Bi Viges hakulala. Alikuwa mbele ya maksai wake, mkono mmoja kwenye nira, na hasira iliyokuwa ikimpanda tangu asubuhi ikafika mwisho wake. Aliuzungusha mchokoo akampiga Toribio mkononi, bunduki ikaanguka. Akageukia mtaro.

"Belarmino! Ukipiga tena nitakuja huko nikuvue suruali mbele ya watu wako."

Upande wa mtaro ukanyamaza. Upande wa mibuni nao, kwa kuwa hata wao walimjua, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili kwenye orodha hiyo ya kuvuliwa.

Na katika kimya hicho ikasikika kelele kavu ya mbao. Kra, kra, kra. Ni kile kibao cha kukereza ambacho mlinzi wa kanisa hukizungusha Ijumaa Kuu badala ya kengele. Njia ya Msalaba ilikuwa inakuja. Custodio alikuwa amefika kanisani akipaza sauti kwamba darajani kuna mauti, na padri Evaristo alimwuliza tu kama mauti hayo yamesimama kwenye kituo cha kumi, kwa maana kituo cha kumi kilikuwa darajani tangu daraja lilipojengwa, na yeye hakuwa na nia ya kukihamisha kwa ajili ya bunduki za watoto aliowabatiza kwa mikono yake. Akatoka, na mji ukatoka nyuma yake, wote kwa nguo nyeusi, wanaume wanne wamebeba sanamu ya Bwana mabegani.

Walipita kwenye ule moshi bila kuharakisha. Mmoja wa watu wa Belarmino alivua kofia. Kisha mwingine. Kule kwenye mibuni wakatoka mmoja mmoja, bunduki zimeelekezwa chini, wakapiga magoti kwenye vumbi. Toribio alikuwa amekwisha piga magoti zamani, analia waziwazi, anamwambia mwanamke mmoja asiyemjua habari za kuku. Chequelo peke yake alibaki amekaa, kwa sababu mguu ulimkatalia, akainamisha kichwa.

Padri alisoma kituo cha kumi. Hakuruka neno. Alipomaliza alimtazama Bi Viges, akautazama mkokoteni, akangoja kana kwamba sasa ni zamu yake.

Bi Viges alisema leo hakuna kupigana. Alisema anayetaka kuuana asubiri Bwana afufuke kwanza, misa iishe, watu wale, ndipo aje pale darajani aombe ruhusa kwake. Alisema bunduki zote zitaingia mkokotenini, za huku na za huko, na zitakaa kanisani chini ya macho ya padri mpaka Jumatatu. Belarmino akaanza kusema kwamba yeye ana amri kutoka San José. Dada yake akamuuliza San José ilimlea miaka mingapi. Bunduki zikaingia.

Chequelo akawekwa juu ya bunduki hizo, mguu umefungwa kwa kitambaa cheusi cha Bi Viges, na mkokoteni ukaingia mjini nyuma ya maandamano. Gurudumu la kushoto sasa lilikuwa limepoteza kipande, wimbo ukawa unachechemea, tang, tang, kimya, tang-ta. Karibu na kanisa ndipo Chequelo alipouliza.

"Mama, ulijua tangu mwanzo?"

"Nilikuwekea chiverre mbele yako, Chequelo. Ulitaka nikutafunie pia?"

Jumatatu hakuna aliyekuja kuomba ruhusa ya kuuana. Waasi wa San Lázaro walirudi mlimani wakiwa na bunduki zao, bila kapteni. Vita viliisha kabla mahindi hayajapandwa, na kwa upande wao vikaisha vizuri, maana waasi ndio walioshinda. Walipoingia mjini waliingia kwa daraja lile lile na hakuna risasi iliyolia, kwa sababu Belarmino aliinua gogo mwenyewe. Alifukuzwa kazi ya barabara hata hivyo. Chequelo, ambaye sasa alikuwa mtu wa serikali mpya na mwenye ofisi yenye kiti cha kuzunguka, alimwendea kumwomba radhi, Belarmino akamwambia aizungushe radhi yake huko huko. Kisha akaenda kuendesha mkokoteni pamoja na dada yake. Walipatana baadaye, wakati wa mvua. Ni vigumu kumnunia mtu ambaye unasikia anavyochechemea kila akipita.

Bi Viges alikwenda kuungama kuhusu kiapo chake. Padri Evaristo alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba siku hiyo kengele zilikuwa zimefungwa na mtu ilibidi awaite watu, na kwamba Mungu huenda alikuwa ameliazima lile gurudumu. Lakini kiapo ni kiapo, akamtaka abebe bure mawe ya ukuta wa makaburini hadi Pentekoste. Bi Viges aliona ni sawa. Alikuwa amejiandaa kubeba hadi Krismasi.

Fundi alitaka kumtengenezea gurudumu jipya. Alikataa. Akamwambia azibe pale palipong'oka kwa kipande cha mti wowote, na fundi akaweka cha mwerezi, kilicho laini kuliko kingine, hata wimbo haukurudi ulivyokuwa. Wageni walidhani umeharibika. Watu wa San Lázaro walibandika birika kwa wimbo ule mpya kama walivyobandika kwa ule wa zamani, na mzee Custodio aliapa kwamba ni mtamu zaidi, ila yeye tangu siku ile alikuwa akiapa mambo mengi.

Mwaka uliofuata, Jumatano ya Juma Kuu, Bi Viges alikuwa jikoni na Belarmino, madirisha wazi, sukari guru inachemka. Wakasikia mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi ikipanda ngazi. Chequelo alivua kofia mlangoni, akapiga goti kwa shida, akapokea baraka. Harufu ilikuwa imemfikia tangu barabarani. Akanyoosha mkono kwenye sinia.

Bi Viges alilivuta sinia upande wake.

"Leo siku gani?"

Chequelo alimtazama Belarmino kutafuta msaada. Belarmino alikuwa anatafuna, anatazama dari.

"Jumatano, mama," alisema yule mtu wa serikali. "Kesho Alhamisi Kuu. Keshokutwa Ijumaa Kuu."

"Na Ijumaa Kuu tunafanya nini?"

"Hakuna kitu."

Akasukumiwa sinia.